Hewa tunayovuta imetoka kwenye mwamba: Dunia, Zuhura na Mirihi (uzi mrefu, vuta kiti)

Mwana_Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna uzi wa kuhamia Mirihi umepita humu wiki hii, nikaona wachangiaji wengi wanaiongelea angahewa kama shuka: sayari hii imefunikwa, ile imesahaulika ikalala wazi. Sikutaka kubishana kule, palishachafuka, watu wanatukanana. Nimeona nifungue uzi wangu.

Nimekulia Rungwe. Njia ya kwenda shule ilipita kando ya kijito, na pembeni ya kijito kulikuwa na kidimbwi kinachotokota masika na kiangazi. Mapovu kama sufuria ya makande. Ukitumbukiza mkono, baridi! Maji ya baridi kabisa na bado yanatokota. Ukingoni hukosi kukuta panzi na vyura wamelala chali, siku moja moja ndege, hana jeraha wala damu. Bibi alitupiga marufuku kuinama pale. Alisema pana mwenyewe.

Ukubwani nikapata kibarua cha kuwabebea mizigo watafiti wa volkano, ndipo nikamjua huyo mwenyewe. Ni hewa ukaa, inapanda kutoka chini ya ganda la dunia kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo mahali penye utulivu inatuama kama maji. Panzi akirukia humo anakosa pumzi, basi. Gesi hiyohiyo huko kwetu inachimbwa, inajazwa kwenye mitungi na kuuzwa viwandani. Ukifungua soda ikalia "pshii", huenda umemsikia mwenyewe wa bibi.

Sasa hoja yangu. Kwenye sayari ya mawe kama hizi zetu, mwamba ndio unaoitoa angahewa, na mwamba ndio unaoirudisha ndani. Ile gesi ya mwanzo kabisa, haidrojeni iliyobaki wakati jua linazaliwa, sayari ndogo haziwezi kuishika, inapotea. Inayokuja baadaye inatoka tumboni: volkano zinatapika mvuke wa maji, hewa ukaa, salfa, naitrojeni. Vimondo navyo vinaongeza chao. Sayari yenye njia zote mbili, ya kutoa na ya kurudisha, inaweza kukaa na joto linalovumilika mabilioni ya miaka. Iliyokosa moja, tutaona yaliyoikuta.

Naendelea, niko kwenye simu, vumilieni.

---

Kibatari

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, tuliambiwa darasani hewa ni naitrojeni na oksijeni. Volkano inatoa oksijeni wapi?

---

Mwana_Tukuyu

Kibatari, umeuliza penyewe. Oksijeni ni kazi ya viumbe, walianza bakteria wa majini. Lakini hata wao mwamba uliwasumbua: walikuwa wanaitoa, chuma kilichoyeyuka baharini kinaila na kugeuka kutu, gesi za volkano nazo zinaila. Ilianza kubaki hewani kama miaka bilioni 2.4 iliyopita. Dunia ilikuwa tayari ina umri wa miaka bilioni mbili na ushee.

Ninayoipenda zaidi ni gesi ya tatu, ambayo hakuna anayeitaja. Agoni. Ni asilimia 0.93 ya hewa. Chukua ndoo tupu ya lita 20, hiyo "tupu" ina karibu mililita 190 za agoni, glasi ndogo nzima. Na karibu yote ilikuwa mwamba. Kuna aina ya potasiamu, potasiamu 40, ambayo haitulii: taratibu sana inabadilika, sehemu yake inakuwa agoni. Nusu yake inachukua miaka bilioni 1.25 kuisha. Agoni inanaswa ndani ya jiwe, jiwe likiyeyuka volkanoni inatoka, na ikishatoka haina pa kwenda. Haiungani na kitu, na ni nzito mno kukimbilia angani. Imejikusanya tu tangu Dunia iumbwe.

Olduvai mnaijua. Mwaka 1959 mtafiti Mary Leakey aliokota pale fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale. Umri wake ulipatikana kwa kupima agoni iliyokusanyika kwenye majivu ya volkano yaliyolifunika. Majivu yanapotoka mlimani yana moto, agoni ya zamani inatoka, saa inaanza sifuri. Mwaka 1961 wakatangaza: miaka milioni 1.75. Wakati huo wengi hawakutegemea hata nusu ya hapo.

Heliamu nayo inazaliwa ndani ya miamba, kutokana na urani na thoriamu, madini yenye mionzi. Ile iliyotangazwa Rukwa mwaka 2016 ni hiyo: miamba ya kale imeihifadhi, joto la Bonde la Ufa limeifungulia. Ila heliamu ikifika juu haikai kama agoni. Ni nyepesi, inaponyoka kwenda angani. Mwamba mmoja, bonde moja, gesi moja inabaki na nyingine inahama.

---

Mzee_wa_Busati

Nimesoma. Sasa kijana, unga umepanda, wewe unatuletea Zuhura. Inatusaidia nini?

---

Mwana_Tukuyu

Mzee wangu shikamoo. Unga siwezi kuushusha, hapo nimekwama. Nisikilize kidogo, utapata cha kubishia kahawani.

Tuje kwenye njia ya kurudisha. Mvua ikinyesha inayeyusha hewa ukaa kidogo, inakuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo inalila jiwe la volkano polepole, inatoa kalsiamu, mto unaipeleka baharini. Baharini matumbawe na wanyama wa kombe wanaichukua wajenge magamba. Wakifa, magamba yanakuwa mwamba wa chokaa. Hewa imegeuzwa jiwe hapo. Baada ya mamilioni ya miaka bamba la chini ya bahari (kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea) linazama chini ya bamba jingine, chokaa inapikwa, hewa ukaa inarudi kupitia volkano.

Utamu uko hapa. Dunia ikipata joto, mvua inaongezeka, jiwe linaliwa haraka, hewa ukaa inapungua, joto linashuka. Dunia ikipoa, jiwe linaliwa polepole, volkano haijali baridi, inaendelea kutapika, gesi inajaa, joto linapanda. Wanasayansi Walker, Hays na Kasting waliliandika hili mwaka 1981. Ndilo jibu linalokubalika zaidi kwa fumbo moja: miaka bilioni 4 iliyopita jua lilikuwa dhaifu kwa karibu robo kuliko leo, na bado Dunia ilikuwa na maji, haikuwa tonge la barafu.

---

BintiShangani

Assalaam aleikum. Nimecheka peke yangu, maana kakangu hapo umeeleza kazi ya babu yangu bila kujijua.

Marehemu babu alikuwa mchoma chokaa, Unguja. Magogo yanapangwa duara, tabaka juu ya tabaka, matumbawe yanakwenda juu, moto unatiwa katikati. Tanuri linawaka usiku kucha, na harufu yake wallahi hadi leo ninayo. Asubuhi jiwe lililokuwa zito limekuwa jepesi, mtoto analibeba. Nikimuuliza uzito umekwenda wapi, anasema "umeliwa na moshi". Kisha linamwagiwa maji, linachemka lenyewe, linakuwa unga. Mafundi wanapiga lipu. Na babu alikuwa mkali: lipu ya chokaa usiifanyie haraka, "iache ivute pumzi". Inakaza mwaka hadi mwaka.

Sasa nauliza, hiyo pumzi ndiyo hewa ukaa?

---

Mwana_Tukuyu

Dada, waaleikum salaam. Ndiyo hiyohiyo, na babu yako alikuwa mwanajiolojia asiye na cheti. Tumbawe likipata joto la karibu nyuzi 900 linaachia hewa ukaa, ndio ule uzito uliopotea, karibu nusu nzima ya jiwe. Ukishapiga lipu, chokaa inaivuta tena kutoka hewani kidogokidogo na kurudi kuwa jiwe. Kuta za Mji Mkongwe zimerudisha gesi iliyotoka tanurini. Bahari, tanuri, ukuta: ni safari yote niliyoieleza, ila babu aliifanya kwa wiki kadhaa na Dunia inachukua mamilioni ya miaka.

Na umenipa daraja la kwendea Zuhura.

Zuhura ni karibu pacha wetu kwa ukubwa. Hewa yake ni hewa ukaa asilimia 96.5, mgandamizo mara 92 ya wetu, sawa na kuzama zaidi ya mita 900 baharini. Joto la ardhini ni nyuzi 465 hivi, risasi inayeyuka. Chombo cha Warusi, Venera 13, kilitua Machi 1982, kikadumu dakika 127, na hizo zilikuwa sifa.

Watu wanadhani Zuhura ina hewa ukaa nyingi kutushinda. Hapana. Ukiichoma chokaa yote ya Dunia kwenye tanuri la babu wa BintiShangani, utapata hewa ukaa ya kukaribiana na ya Zuhura. Akiba yetu imefungwa kwenye mawe, yao iko hewani. Tofauti ni maji. Zuhura iko karibu na jua, maji yake yakawa mvuke, mvuke ukazidisha joto, huko juu mwanga wa jua ukaipasua molekuli ya maji, haidrojeni ikatoroka. Ushahidi upo: haidrojeni nzito, ile inayotoroka kwa shida, kwa uwiano imejaa huko zaidi ya mara 100 kuliko kwetu. Hakuna maji, hakuna mvua. Hakuna mvua, hakuna wa kuirudisha gesi kwenye jiwe. Na wengi wanaamini maji hulainisha miamba hadi mabamba yakaweza kuzama. Zuhura haina mabamba yanayotembea kama yetu. Njia ya kutoa ipo, ya kurudisha imeziba.

Na bado inatoa. Mwaka 2023 watafiti Herrick na Hensley walirudia picha za rada za chombo Magellan za 1991, wakakuta shimo moja kwenye mlima Maat Mons limebadilika umbo kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, limepanuka kutoka kilomita za mraba 2.2 hadi karibu 4. Picha zilikaa miaka thelathini kabatini. Hilo peke yake linastahili uzi wake.

---

Njoro_254

Mkubwa, hapo kwa Mirihi usituambie tu "haina sumaku so upepo wa jua, zile chembe jua hurusha, ukabeba hewa". Hiyo story kila mtu huibeba. Zuhura pia haina sumaku ya ndani na hewa imejaa hadi basi. Jibu hilo kwanza.

---

Mwana_Tukuyu

Njoro umenikamata, maana nilikuwa nimeshaiandika hivyohivyo. Nimefuta, naanza upya.

Sumaku ina nafasi yake lakini haitoshi kuwa maelezo. Mirihi ina asilimia 11 tu ya uzito wa Dunia. Mvutano wake ni mdogo, gesi inaponyoka kirahisi. Na kitu kidogo hupoa haraka: andazi na boflo vikitoka jikoni pamoja, andazi ndilo linapoa kwanza. Kiini kilipotulia, usumaku ukazima kama miaka bilioni 4 iliyopita. Volkano nazo zikapungua. Kwa hiyo vitu viwili kwa mpigo: kinachotorokea angani kinaongezeka, kinachotoka tumboni kinapungua. Zuhura inapoteza pia, ila ni nzito na ina akiba kubwa, haisikii.

Chombo cha Wamarekani, MAVEN, kilifika Mirihi Septemba 2014 kupima hasa huko kutoroka. Walitumia nini? Agoni, rafiki yetu. Kwa kuwa haiungani na kitu, ikipungua maana yake imeondoka, haikujificha kwenye jiwe. Mwaka 2017 wakatoa hesabu: karibu asilimia 65 ya agoni ya Mirihi imeshapotea angani. Nyingine ikarudi kwenye mawe: mwaka 2025 watafiti wa Curiosity, gari la utafiti lililoko Mirihi, walitangaza kuwa miamba ya kreta ya Gale ina kabonati ya chuma ya kutosha, yaani chuma kilichofunga hewa ukaa. Mvua na maziwa ya zamani yaligeuza hewa kuwa jiwe kama yetu. Ila hapakuwa na bamba la kuzama na kulipika tena. Ni kama lipu ya babu isiyorudi tanurini.

Leo mgandamizo haufiki asilimia moja ya wetu. Kila majira ya baridi sehemu kubwa ya hewa yenyewe, karibu robo, inaganda kuwa barafu kwenye ncha. Fikiria hewa inakuangukia miguuni.

Olympus Mons, mlima wa volkano wa huko Mirihi, uko palepale, kilomita kama 22 kwenda juu, karibu Kilimanjaro nne kubebana. Umekuwa hivyo kwa sababu bamba halikusogea, uji wa volkano uliendelea kumwagika mahali pamoja. Mlima mkubwa hivyo, na pumzi hana.

---

Mtoto_wa_Virunga

Jambo wote. Mie niko Goma. Ile ya panzi na vyura, kwetu tunaita mazuku. Nimesikia hata wazungu wa volkano wanaandika vilevile, mazuku, kwenye vitabu vyao.

Hapa si ya kuchekesha. Iko mahali pa chini, kwa mashimo ya mawe ya volkano, karibu na ziwa. Mbuzi anaingia kula majani, hatoki. Asubuhi mapema ndiyo mbaya, upepo haujaanza. Mama yangu alikuwa anatuambia: mukipita kule, mdogo abebwe mgongoni, asitembee chini. Mkubwa kichwa chake kiko juu ya mazuku, mtoto kichwa chake kiko ndani.

Na ziwa Kivu nalo limeshika hiyo gesi chini, na methane. Nyiragongo ililipuka 2002 ikapita mjini, 2021 tukakimbia tena. Swali yangu: hiyo yote ikitoka, haiharibu hewa ya dunia?

---

Mwana_Tukuyu

Ndugu yangu pole, na asante. Hilo la kumbeba mtoto mgongoni ni fizikia tupu.

Kivu ina kama kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methane zimeyeyuka kwenye maji ya chini. Hatari ni kwenu mnaoishi pembeni. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi yake ghafla usiku wa Agosti 21, 1986, likaua watu zaidi ya 1,700. Lakini kwa hewa ya dunia nzima haionekani. Volkano zote kwa mwaka hazifikii asilimia moja ya hewa ukaa tunayotoa sisi kwa mafuta, makaa na gesi. Nimelisema kabla hajaja yule wa "volkano zinachafua kuliko magari". Zinashinda kwa uvumilivu: bilioni za miaka bila likizo. Ile mashine ya mvua na jiwe itaisafisha ya kwetu pia, ila inahitaji laki za miaka. Haina haraka na sisi.

Salfa ni habari nyingine, inafanya kazi haraka. Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991, ilirusha hewani tani kama milioni 15 za dioksidi ya salfa, dunia ikapoa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi.

---

Kibatari

Mkuu, na Lengai vipi? Niliuona kwa mbali nikiwa Ngaresero, kileleni mweupe, nikadhani theluji.

---

Mwana_Tukuyu

Ahaa, hapo ndipo ungeuona mwamba na hewa vikiongea mchana kweupe. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani inayotoa uji wa kabonati ya sodiamu. Ni kama magadi yaliyoyeyuka. Joto lake nyuzi 500 na kitu hadi 600, nusu ya uji wa volkano za kawaida. Unatoka mweusi, mwepesi kama oili chafu. Ndani ya siku chache, mvua ikipiga hata masaa, unageuka mweupe, kwa sababu madini yake hayawezi kukaa na unyevu wa hewa. Ule weupe ulioudhani theluji ni kazi ya hewa. Moja ya madini hayo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Likikutana na unyevu linabadilika kuwa kitu kingine.

Mbali zaidi ya jua letu mambo ndiyo yanaanza. Mwaka 2019 darubini ya Spitzer ilikuta sayari LHS 3844 b haina angahewa nzito, jiwe tupu linalopigwa na nyota yake. Darubini ya James Webb nayo mwaka 2023 haikuona hewa nzito kwenye sayari TRAPPIST-1 b. Nyota ndogo nyekundu zina hasira, huenda zinapuliza kila kinachotoka volkanoni.

Mnaotaka kuona kwa macho, dondoshea ndimu au siki kwenye gamba la konokono wa baharini. Mapovu yakitoka, hiyo ni hewa ya kale inarudi.

---

Mzee_wa_Busati

Kijana, nimejaribu. Sina konokono, nimechukua chaki ya mjukuu nikamwagia siki. Kimya. Hakuna povu hata moja. Umetudanganya?

---

Mwana_Tukuyu

Mzee, chaki nyingi za siku hizi si chokaa, ni jasi, ina salfa badala ya ukaa, haitoi povu. Chukua ganda la yai.

---

Mzee_wa_Busati

Linachemka. Mjukuu kagoma kwenda kulala, anataka la pili, na mayai yenyewe yalikuwa mawili.